Tangi Lililonywea Mbele ya Mwekezaji

Juzi kijana mmoja jirani yangu hapa Bigwa, ndiyo kwanza amemaliza chuo, alikuja na kompyuta yake kunionyesha kazi. Kwenye kioo kulikuwa na tangi la chuma lililopakwa rangi zote za duniani, jekundu huku, la manjano kule, linatanuka na kusinyaa lenyewe. Zuri mno, ungeweza kulishona ukalivaa Idi. Nikamwuliza swali moja tu: "Chini umelishika na nini?" Akanitazama kama nimemwuliza kabila la tangi. Akasema, "Bibi, programu yenyewe inajua."

Haijui! Nawaambia ninyi nyote mnaobonyeza vitufe, programu haijui chochote. Haijui kwamba kuna ardhi. Haijui kwamba mvua ya Uluguru hushuka bila kupiga hodi. Haijui kwamba kuna binadamu anaitwa Chande, ameshika brashi, na ana moyo wa kazi. Nimeona bora niandike haya kabla hamjaiangusha nchi yote kwa rangi za kwenye kioo.

Mimi naitwa Pili, na kazi yangu mpaka nastaafu ilikuwa kukokotoa magamba. Msicheke. Kwenye kazi yetu gamba ni kitu chochote chenye ukuta mwembamba uliopinda: yai, boga, debe, pipa, tangi la mafuta, paa la kuba la msikiti. Ukuta wa namna hiyo ukiusukuma, au ukiupasha moto, unafanya vituko ambavyo bapa la chuma lililonyooka haliwezi kuvifanya. Kazi yangu ilikuwa kuviandika vituko hivyo kwa hesabu kabla havijatokea, ili mtu asije akafa. Hesabu hizo tuliziita modeli. Mama yangu mpaka anaingia kaburini alikuwa akiwaambia watu mwanangu ni karani.

Tulikuwa wawili katika Ofisi ya Hesabu za Mitambo, kwenye kiwanda cha mafuta ya kula pale Morogoro, kiwanda cha serikali. Ofisi ilikuwa nyuma ya ghala la mashudu ya alizeti, na harufu ile ilishika kwenye nywele mpaka mume wangu akazoea. Mkuu wangu alikuwa Mzee Mkude, mtu wa Matombo, mfupi, mwenye koti moja la kijivu na rula ya kukokotolea aliyoifuta kwa leso kila asubuhi kama miwani. Kila alichonifundisha kuhusu magamba alinifundisha kwa yai. Saa ya chai analitoa mfukoni, limechemshwa, ananiambia nilibane kwa viganja kutoka ncha mbili. Nabana mpaka mishipa ya shingo inatoka, yai halijali. Kisha anachukua kijiko, anagonga ubavuni, ka! Limevunjika.

"Umeona? Halina nguvu ya unene, lina nguvu ya umbo. Ukilisukuma linavyotaka, linabeba. Ukilionea mahali pamoja, kwisha habari yake."

Halafu analimenya, anatia chumvi, anakula. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba kile kilikuwa kifungua kinywa chake, na kwamba siku ambazo mkewe alimpikia uji hakukuwa na somo.

Miaka hiyo ndiyo mambo yalikuwa yameanza kufunguliwa. Enzi za ruksa. Madukani sabuni zikarudi, mitumba ikajaa, na kila mwenye cheo alitaka kompyuta. Meneja Mkuu wetu naye akaleta moja kutoka Dar, iliyokwishatumika huko ilikotumika. Huyu bwana alikuwa na sauti ya jukwaani hata akiomba chumvi mezani. Kompyuta akaiweka ofisini kwake, akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua, na juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua ya plastiki. Wageni wakija wanaonyeshwa. Kuiwasha ilikuwa marufuku, isije ikachakaa.

Mzee Mkude alimbembeleza mpaka tukaruhusiwa kuitumia saa Meneja akienda kula. Sasa fikirieni. Modeli ya tangi moja ilihitaji mashine ikokotoe tangu asubuhi mpaka alasiri, na sisi tulikuwa na saa ya chakula tu. Tukawa tunakata tangi vipande vipande, leo pete ya chini, kesho pete ya katikati, na majibu ya leo tunayabeba kuyaingiza kesho. Umeme ukikatika, tunaanza upya. Umeme usipokatika, mhudumu wa ofisi anachomoa waya ili achomeke birika la chai ya Meneja. Siku ya kwanza aliyochomoa nililia. Mzee Mkude alimwomba chai naye akapewa.

Siku tuliyopata jibu kamili la kwanza, nilikimbia na karatasi mpaka ofisini. Tangi lenyewe lilikuwa jipya, karakana yetu ilikuwa ikilijenga uwanjani kwa mikono ya watu wetu, na modeli ilikuwa ituambie litasogea kiasi gani likijazwa mafuta ya moto. Mzee akasoma chini ya karatasi, akavua miwani, akaivaa tena.

"Pili binti yangu, unaona hapa tangi limesogea kiasi gani?"

Nikatazama.

"Tangi lako limetoka kiwandani," akasema taratibu, "limepanda mlima, limefika Mkuyuni. Na halikusimama hata sokoni kununua ndizi."

Nilikuwa nimesahau kuiambia mashine kwamba tangi limekaa juu ya ardhi. Basi, mashine ikalisukuma kidogo, tangi likaona hakuna wa kulizuia, likaenda zake. Kwa hiyo, wajukuu, kabla hamjaweka joto, kabla hamjaweka uzito, semeni kwanza kitu chenu kimeshikwa wapi na kimeachiwa wapi. Kimeshikwa sana kikipata moto kinajisukuma chenyewe mpaka kinajikunja. Hakikushikwa kabisa, kinakwenda Mkuyuni.

Habari za kubinafsishwa zilikuja kwa njia ya Meneja Mkuu, kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, kwa ile sauti yake. Anakuja mwekezaji kutoka Dar. Atakagua. Akipenda atanunua, asipopenda kufuli litawekwa langoni na kila mtu arudi kwao akalime. Akipenda, idara nyingine zitabaki na nyingine zitapunguzwa. Kisha macho yake yakatutafuta sisi nyuma kabisa.

"Ofisi ya Hesabu, kwa mfano. Wenzenu wanazalisha mafuta. Ninyi mnazalisha nini? Karatasi! Pale atabaki mtu mmoja. Mmoja! Mwekezaji mwenyewe atasema nani."

Mzee alikuwa na watoto watatu sekondari na nyumba Bigwa isiyo na madirisha. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mume mwalimu aliyehamishiwa Ifakara. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake akibaki yeye anatoka. Na tangu siku ile tukawa na adabu ya kutisha. "Kaa wewe, Mzee." "Hapana, kaa wewe, binti." "Tangulia wewe." "Siwezi." Tulikuwa tunachelewa kuingia ofisini kwa kukaribishana mlangoni. Hata yai alianza kunigawia, nusu kwa nusu. Hapo nilijua mambo yameharibika kweli.

Nami nikaapa moyoni kwamba nitafanya kazi ambayo mwekezaji atashindwa kuipuuza. Sikutaka kumtoa Mzee, Mungu shahidi. Nilitaka tu nisitoke mimi. Nyie mnaojua namna ya kutaka jambo moja bila lile jingine, njooni mnifundishe.

Mzee mwenyewe ndiye aliyenipa kazi hiyo. Tulikuwa tumesimama uwanjani tukilitazama lile tangi, limekwisha, jeupe la chuma kitupu, refu kama nyumba ya ghorofa. Karakana nzima ilikuwa na hofu moja: lisije likapasuka. Mzee akajikuna kidevu.

"Kila mtu anaogopa lipasuke. Hakuna anayeuliza, je, likinywea?"

"Linywee kwa nini, Mzee?"

"Hebu fikiri. Tunaliosha kwa mvuke wa moto, mvuke unafukuza hewa yote humo ndani. Tukilifunga likiwa la moto, halafu mvua ikalipiga, mvuke unageuka maji kidogo tu chini. Ndani kunabaki nini?"

Hakubaki kitu. Na hewa yote ya Morogoro iko nje inasukuma. Mwili ulinisisimka, sitaki kuwadanganya. Juu ya tangi kulikuwa na kipumulio, bomba fupi lenye kofia ya bati kama uyoga, na hicho ndicho kilichokuwa kinaruhusu hewa kuingia na kutoka. Kikiwa wazi, hakuna shida. Je, kikiziba? Ukuta ule ungevumilia mnyonyo wa kiasi gani kabla haujakunjamana? Hiyo ndiyo modeli niliyoifanya.

Jibu la kwanza lilisema tangi ni imara, halina wasiwasi. Nikampelekea Mzee kwa maringo. Akaniuliza, "Duara lako umelichora vipi?" Nikasema duara ni duara. Akanyanyuka, akachukua kamba na fimbo, akaniburuta uwanjani, tukalipima tangi lenyewe kwa kulizunguka jua likituunguza, wachomeleaji wakitucheka wanasema tunalipimia suruali. Upande wa mlimani tukakuta mahali pameingia ndani, bonde la kiganja tu, pale lori la mabati lilipoliegemea wakati wa ujenzi. Nikaliingiza bonde lile kwenye modeli. Lo! Nguvu ya tangi ikaanguka ikabaki kama nusu. Na modeli ikasema kitu kingine: likinywea, halitabonyea ovyo, litakunjika mikunjo mitano kuzunguka, iliyopangika vizuri. Nikaichora kwa chaki ubaoni. Kila aliyeingia ofisini aliuliza kwa nini nimechora ua.

Siku hizo Mzee alikuwa ananipa na hesabu zake mwenyewe nimalizie. "Hebu rudia hapa, binti, macho yangu." Wakati mwingine karatasi ile ile mara mbili. Nilidhani ni uvivu wa uzeeni, au labda ananipima.

Tukaenda kwa Meneja Mkuu kumwomba kipumulio cha pili, cha akiba, kimoja kikiziba kingine kipumue. Meneja akatutazama mmoja mmoja.

"Mnataka nitoboe tangi jipya?"

"Tundu dogo, Mheshimiwa."

"Mwekezaji anakuja kununua tangi, mimi nimwonyeshe matundu! Na litapondwa na nini, hebu niambie?"

"Na hewa," nikasema.

Alicheka mpaka akatoa leso. Mzee Mkude hakubishana. Alikwenda kantini, akaazima debe la bati, akalitia maji kidogo, akalibandika kwenye jiko la mkaa mbele ya ofisi ya utawala. Mvuke ulipofoka akalikaza kifuniko, akalitoa motoni, akalimwagia ndoo ya maji baridi. Debe likalia kwa! Likajikunyata lote kama karatasi iliyofinyangwa. Watu wakapiga kelele. Meneja Mkuu akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote, kisha akasema, "Safi sana. Lakini hilo ni debe. Lile ni tangi." Na mama wa kantini akafika mbio, mikono kiunoni, anataka kujua chai ya watu wote wale ataichemshia wapi sasa. Mzee akawa anajificha kantini kwa muda. Kipumulio cha pili hatukupewa.

Sasa ninyi mnaijua desturi yetu mgeni rasmi akija. Chochote kisichotembea kinapakwa rangi. Meneja akaagiza rangi, na rangi kwetu maana yake ni Chande. Huyu alikuwa fundi rangi, mtu wa mjini pale, Mluguru, mcha Mungu, na fundi kweli. Kuna mafundi rangi wanaopaka na kioo, wanapaka na kufuli, wanapaka na mjusi aliyelala ukutani. Chande hakuwa hao. Chande kabla ya kupaka anafunika kila kisichotakiwa kuguswa, kisha ndiyo anaanza, taratibu, huku anaimba kaswida. Meneja alichagua bluu iliyokoza, ambayo hunywa joto la jua kuliko nyeupe. Nikasema. Nikaambiwa hesabu na urembo ni idara mbili tofauti.

Tangi lilikuwa limepata mkono wa kwanza wa rangi, Chande anasubiri likauke apige wa pili, simu ikaja kwamba mwekezaji haji kesho, anakuja leo, yuko njiani, amepita Chalinze. Mtafaruku gani! Meneja akawa anatoa amri kila upande. Chande, ondoka hapo, kapake chokaa mawe ya njia ya kuingilia! Watu wa boila, pigeni mvuke tangi, linanuka mashudu! Wakapiga mvuke, mlango wa chini wa tangi ukiwa wazi, mpaka chuma kikawa hakishikiki. Magari yakaonekana langoni. Meneja akaangalia tangi, akaona ule mlango uko wazi, unatoa moshi.

"Fungeni hicho! Limeachama kama limeona njaa!"

Wakafunga. Wakakaza na nati zote.

Mimi na Mzee tulikuwa tumepangwa nyuma kabisa ya turubai, baada ya walinzi, tusionekane. Mwekezaji alikuwa mzee mmoja mwembamba wa kanzu na kofia, mkimya, anasikiliza tu huku akizungusha tasbihi. Meneja Mkuu akashika kipaza sauti. Akaanza na historia ya alizeti. Nikaona wingu limetoka mlimani, limeifunika Bigwa, linakuja. Sikuwa na hofu, kwa sababu kipumulio kilikuwa wazi. Nikanyanyua macho kukitazama, kujifariji tu.

Kipumulio hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na mfuko wa mbolea, ule mzito wenye nailoni ndani, umevishwa vizuri juu ya kofia ya bati, ukafungwa kwa mpira wa baiskeli, mzungusho juu ya mzungusho, kazi ya mtu anayeipenda kazi yake.

"Mzee," nikasema. "Kipumulio."

Akatazama. Tone la kwanza likapiga turubai. Hakuna mtu wa kumpandisha juu ya chuma kinachowaka, hapakuwa na muda wa kufungua nati hata moja. Mzee akapaza sauti watu wa mbele wasogee nyuma, na wakasogea wakidhani ni kwa sababu ya mvua.

Mvua ikaja yote kwa pamoja kama kawaida yake. Meneja hakunyamaza. "Na tangi hili, ndugu mwekezaji," akasema, "limejengwa na mikono ya wazalendo, na uimara wake..."

Tangi likagonga mara moja: ngo!

Meneja akasita. "...na uimara wake hauna..."

Ngo! Ngo! Kisha likatoa sauti ndefu ya chuma inayopanda kutoka tumboni, na likaanza kuingia ndani. Upande wa mlimani kwanza, pale kwenye bonde la kiganja. Halafu pembeni yake. Halafu kuzunguka. Watu wanapiga mayowe, mlinzi amelala chini kifudifudi, Meneja amekumbatia kipaza sauti. Na mimi, sijui nini kilinipata, nilikuwa nimesimama juu ya kiti nahesabu kwa sauti: "Mmoja! Miwili! Mitatu! Minne! Mitano!" Mitano! Mitano kamili, imepangika sawasawa, kama nilivyoichora! Nikapiga makofi. Peke yangu. Tangi la kiwanda limesinyaa, kazi ya karakana nzima imekwisha, mvua inanyesha, mimi napiga makofi na machozi yananitoka kwa furaha.

Wote wamegeuka wananitazama. Meneja Mkuu akaninyooshea kidole.

"Huyo! Huyo na hesabu zake! Ameliroga tangi!"

Hapo Chande akatokea mbio, amelowa, mikono imejaa chokaa. Akaona tangi. Akaona kipumulio. Alijua mara moja kwamba macho yote yatamfikia, akajitetea kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

"Rangi haikuingia hata tone," akasema. "Naapa wallahi. Hata tone."

Mwekezaji alicheka. Kwanza kimyakimya, mabega tu, halafu akashindwa, akakaa chini. Alipojifuta macho akauliza kwa sauti ndogo, "Yule mama alikuwa anahesabu nini?" Meneja akasema ni wazimu wa kawaida. Mwekezaji akaniita. Nikamweleza, nikampeleka mpaka ofisini nyuma ya mashudu, nikamwonyesha ubaoni. Akatazama lile ua la chaki, akatoka mlangoni akatazama tangi, akarudi. "Kwa hiyo mlijua. Na mlisema."

"Ah, hawa ni wataalamu wetu," Meneja akadakia papo hapo. "Mimi binafsi nawategemea sana."

Mwekezaji hakumjali. Alikuwa anatutazama sisi wawili, mimi na Mzee, tumelowa, tumesimama bega kwa bega. "Nimeambiwa hapa abaki mtu mmoja. Nani amefanya kazi hii?"

Nikafungua mdomo niseme tumeifanya wote. Wazo la kunywea ni lake, kamba ni yake, bonde ni lake. Mzee akanikanyaga mguu kwa kiatu chake chote, nikaguna badala ya kusema.

"Ni huyu binti," akasema. "Yote yake. Mimi nilipinga tangu mwanzo. Nilimwambia ni upuuzi, chuma hakipondwi na hewa." Meneja, aliyeliona debe kwa macho yake, alikuwa wa mwisho kutaka kulikumbusha.

Na ndivyo Mzee Mkude alivyopunguzwa kazi mwezi uliofuata. Kiwanda kikanunuliwa, Meneja Mkuu akapewa mkono wa kwaheri, Chande akabaki, mimi nikabaki. Kompyuta ikavuliwa kitambaa, ikahamia kwangu.

Sikuweza kula. Nilikaa na hasira yangu hadi Jumapili moja, nikapanda Bigwa kwenda kugombana naye. Niliingia uani kwake bila hodi, na bila shikamoo, jambo ambalo mama yangu angeliona, angenizaba kofi. Nikamkuta amechuchumaa mbele ya tanuri la mkate, kuba la udongo na matofali alilolijenga mwenyewe, maana mkewe alitaka kuanza kuuza mikate. Kuba lilikuwa limepasuka kutoka juu mpaka chini.

"Kwa nini ulidanganya?" nikasema. "Nani alikuomba unihurumie?"

Hakugeuka. "Hebu njoo ulione gamba hili. Nimelitazama siku nyingi sasa. Limepasuka, na sijui limepasukia nini."

Nilikuwa nimejaa hasira, nikajibu bila kufikiri. "Si umeliwashia moto mkubwa likiwa bichi! Ndani limetanuka, nje bado la baridi, linajivuta lenyewe. Mzee, hilo ulinifundisha wewe, juma la kwanza!"

"Ndiyo," akasema. "Nilikufundisha." Akashika ule ufa kwa kidole, akaufuata mpaka chini. "Limenitoka, Pili. Yananitoka, moja moja. Mwaka sasa. Karatasi zile nilizokuwa nakupa urudie, ulidhani ni macho? Nilikuwa nasoma mstari, nikifika mwisho sijui mwanzo ulisemaje. Mambo ya zamani, ya mayai, bado yapo. Yale ya kunywea yalinijia siku moja kama zawadi, nikakukabidhi upesi kabla hayajaondoka. Sasa unataka nibaki mimi, nikokotoe matangi, watu wasimame chini yake?"

Nililia pale uani mpaka mkewe akatoka na kanga. Sikulia kwa sababu ya kazi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekaa naye meza moja mwaka mzima, mimi bingwa wa kuona bonde la kiganja kwenye ukuta wa chuma, na sikuona.

Nilipotulia nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba kama ndiyo kwanza nafika. Nikavuta tofali, nikakaa. "Chukulia ndani kuna moto," nikaanza, "na nje kuna upepo wa mlimani." Akainamisha kichwa, akasikiliza kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, na nilipofika katikati akanyanyua kidole akanikosoa, na alikuwa sahihi.